Maziwa ya Saa Nne

Siku ya kuniaga mlinipa kitenge, saa ya ukutani na soda iliyopigwa jua, kisha mkaniambia niseme neno. Nikasema "asanteni", nikakaa. Meneja alishukuru, maana gari lake lilikuwa linaunguruma nje. Wengine mlinong'ona kwamba mama huyu aliyetupigia kelele miaka yote, leo kaishiwa. Sikuishiwa. Nilikuwa na jambo kooni tangu asubuhi ya siku ile, na lisingetoka mbele ya keki. Sasa niko nyumbani hapa Sumbawanga, upepo unatikisa mabati, saa yenu inagonga hata nisipoiuliza, nami nawaandikia ninyi mliobaki kinuni na ghalani. Anayetaka kujua nilipandishwa cheo lini na nililipwa nini akaulize ofisini, huko ndiko wanakopenda hayo. Mimi nitasema habari za mkanda, za maski, na za kikombe cha maziwa.

Nilianza kazi nikiwa binti wa kutoka Laela, nimezoea jembe na shamba la mahindi la baba. Wakati huo kinu na ghala vilikuwa mali ya shirika la umma. Nilipewa sindano ya gunia nishone midomo ya magunia. Siku ya kwanza nilikuja nimependeza, kitenge kipya kiunoni, ncha zinaning'inia. Sijafika hata mlangoni pa kinu, mzee mmoja mwembamba akanizuia kwa ufagio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Binti, umekuja kazini au umekuja kuolewa na mkanda?"

Sikuelewa. Akanionyesha mkanda unaotoka kwenye mota kwenda kwenye kinu, unavyokwenda kasi hata macho hayaushiki. "Huyu hana macho," akasema. "Akikamata kitambaa havuti kitambaa peke yake, anakuvuta na wewe. Kajifunge vizuri ndipo uingie." Halafu akamwita dada mmoja aliyekuwa anafagia uwani, akamwambia anisalimie. Yule dada akanipa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia haukuwepo. Hiyo ndiyo semina yangu ya kwanza ya usalama kazini, na sijaona iliyoizidi hadi leo. Mzee mwenyewe aliitwa Gaspari, mfukizaji wa ghala letu.

Kwa mgeni anayesoma, nieleze kidogo. Mahindi yakikaa ghalani huingiwa na dumuzi, mdudu anayetoboa punje mpaka gunia linabaki vumbi. Dawa yake ni vidonge vya kufukizia. Rundo la magunia linafunikwa turubai, kingo zinabanwa chini kwa vifuko virefu vya mchanga, vidonge vinawekwa ndani, navyo vinatoa gesi polepole kwa siku kadhaa. Gesi hiyo haichagui, mdudu na mtu kwake ni mamoja. Ndiyo maana mfukizaji huvaa maski ya mpira inayofunika uso mzima, na mbele ya maski kuna kopo la chujio. Chujio ndilo linalokamata sumu. Likishiba sumu, au likipitwa na muda wake, linabaki kopo tu, na aliyelivaa ni sawa na aliyejifunika sufuria usoni.

Mzee Gaspari hakuamini pua yake wala ahadi ya mtu. Kila alipofungua chujio jipya alichukua msumari, akakwaruza ubavuni mwezi na mwaka wa kulifungua. Muda wake ukifika analitupa, hata kama mkubwa anamwambia bado linaonekana zuri. Kufunua turubai nako alikuwa na adabu zake: siku zitimie kwanza, milango yote miwili ifunguliwe, upepo upite, watu wakae mbali, na malori yasubiri. "Upepo wa Ufipa ndio msaidizi wangu," alikuwa akisema, "na haujawahi kuomba ruhusa ya kwenda msibani." Alikuwa mkali, jamani. Niliwahi kukanyaga kifuko chake kimoja cha mchanga, akanisemesha Kifipa mpaka nikatamani ardhi inimeze.

Sasa maziwa. Kila siku saa nne asubuhi kengele ililia, mota ikazimwa, na kila mtu akachukua kikombe chake cha bati akapanga foleni kwenye ndoo. Shirika lilitupa maziwa kwa ajili ya vumbi na dawa. Nani alianzisha, sijui. Hakuna aliyeuliza, maana sote tumekulia katika imani hiyo: mtoto kameza mafuta ya taa, mpe maziwa, mtu kala sumu ya panya, mpe maziwa, umepuliza dawa shambani, kunywa maziwa yakasafishe kifua. Nami niliamini hivyo hivyo. Mzee Gaspari aliyapenda mno, alikuwa anakomba kikombe kwa kidole. Lakini kabla ya maziwa, na baada ya maziwa, aliangalia alama yake ya msumari. Siku moja nilimuuliza kipi hasa kinamlinda. Akasema, "Maziwa ni ya njaa, binti. Maski ni ya roho."

Miaka ilikwenda, nikapelekwa kozi Mbeya ya huduma ya kwanza na usalama kazini. Nisijisifu, aliyechaguliwa kwanza alikuwa amevunjika mguu kwa kuanguka kutoka juu ya rundo. Huko Mbeya mwalimu alichora ubaoni mtu mwenye njia mbili kooni. Njia hii inakwenda tumboni, hii inakwenda mapafuni. Gesi inapita huku, maziwa yanapita kule, hayakutani. Tena akasema jambo ambalo niliandika nikalipigia mstari: mtu aliyezimia usimtie kitu mdomoni, si maji, si chai, si maziwa, kwa maana hawezi kumeza na kitamwendea mapafuni, utakuwa umemmaliza wewe. Nilikaa pale nikaona kikombe changu cha bati mbele ya macho yangu. Niliona aibu na hasira kwa pamoja.

Niliporudi nikafanywa mwalimu wa usalama, sindano ya magunia ikiwa bado mkononi. Somo la kwanza niliwakusanya uwani nikawaeleza zile njia mbili. Sauti nzito ikatoka nyuma: "Dada Paska, kwani ng'ombe wamekukosea nini huko Mbeya?"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Aliyesema alikuwa Oswaldi, mbeba magunia, kijana wa rika langu, mwimbaji wa sauti ya nne kwaya ya parokia. Nilimjua vizuri. Mkewe, Leokadia, alikuwa anakaa nami benchi moja la kushona magunia, tulikula kwenye bakuli moja, na siku ya ndoa yao mimi ndiye niliyekuwa msimamizi. Kwa hiyo sikununa.

"Sijasema msinywe," nikamjibu. "Kunyweni mpaka muote pembe! Nasema maziwa hayavaliwi usoni."

Aliyeniunga mkono alikuwa mtu nisiyemtegemea kabisa, Shija, Msukuma aliyetuletea maziwa kwa baiskeli. Wazazi wake walihamia huku na mifugo yao, naye aliishi kwa hayo maziwa. Alikuwa amesimama na madumu yake anasikiliza. Akasema, "Dada yenu anasema kweli. Ng'ombe mwenyewe akila sumu anakufa, na maziwa anayo." Wakamzomea kama nilivyozomewa mimi. Lakini niliitumia ile kauli yake katika kila somo tangu siku hiyo, na leo naitumia tena.

Nilifundisha kwa njia zote. Niliwaambia waseme, wakasema, niliwaambia wamlaze mwenzao ubavu, wakamlaza, tena kwa mikogo, niliuliza aliyezimia anapewa nini, wakaitikia kama watoto wa darasa la kwanza, "Hapewi kitu!" Oswaldi ndiye aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote. Mzee Gaspari alikuwa amekwisha mchukua awe mwanafunzi wake wa kufukiza, akimsifu kwamba ana mkono mpole na hana haraka. Mzee hakuwa mtu wa kusifu, kwa hiyo nilijua ghala limepata mtu. Kengele ya saa nne ikilia tulikunywa wote, na mimi nikiwemo, kwa sababu maziwa ni matamu na asubuhi za Ufipa zina baridi.

Zikaja nyakati za ruksa, halafu nyakati za ubinafsishaji. Kila mtu aliyekuwepo atawaambia yake. Yangu ni haya. Shirika lilidhoofika, tukakaa muda mota haziwaki, kisha kinu na ghala vikapata mwenyewe, kampuni ya watu ambao wengi wetu hatukuwahi kuwaona uso. Wengi wakapunguzwa. Mzee Gaspari naye akapunguzwa, akarudi kwao Mwimbi kulima ulezi. Siku ya kuondoka alimkabidhi Oswaldi maski na chujio lililokuwemo, akamwambia mbele yangu, "Hili lina alama yangu. Muda wake ukiisha usilivae hata kwa bunduki." Oswaldi akacheka akasema, "Sawa, mzee wangu." Nilimsindikiza mzee mpaka stendi. Hakugeuka nyuma.

Chini ya wenyewe wapya mambo yalianza kupungua moja moja, kimya kimya, kama nywele za mzee. Ovaroli zilizochanika hazikurudi. Glavu zikawa za mkono mmoja mmoja. Kinga ya chuma ya mkanda ilitolewa ili mkanda ukichomoka urudishwe upesi, haikurudishwa. Watu wakawa vibarua, leo yupo kesho hayupo, nami nikawa nafundisha sura mpya kila wiki. Kitu kimoja tu hakikupungua, tena kiliongezwa: maziwa. Meneja wa wakati ule alisimama uwani akatangaza kwamba kampuni inajali afya za wafanyakazi wake, kwa hiyo kikombe kitakuwa kikubwa zaidi. Wakapiga makofi. Na kweli, vikombe vipya vya plastiki vikaja, vyekundu, vyenye mkono. Rahisi ni ghali, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwa na kazi ya kutafuta.

Alama ya Mzee Gaspari ikapitwa na muda wake. Oswaldi alinionyesha, na mimi nikaenda ofisini.

"Bwana meneja, tunaomba chujio. Lililopo limekufa."

"Linavuja?"

"Halivuji. Limekwisha nguvu."

"Umejuaje? Umelipima?"

Nikamweleza habari ya muda. Akanitazama kama mtu anayemtazama mganga. "Mama, yataagizwa. Lakini maziwa si tunawapa?"

Nilirudi na kurudi. Kila mara yataagizwa, kila mara maziwa si tunawapa. Nilimwambia Oswaldi asifukize. Akanijibu, akiwa hacheki, "Dada Paska, mlangoni pale wamesimama wangapi wanaotaka kazi yangu? Wataivaa maski hiyo hiyo." Tukakubaliana afuate adabu nyingine zote za mzee, siku zitimie, milango iwe wazi, upepo upite, ili chujio lisipate kazi kubwa. Hivyo ndivyo alivyofanya, na kwa muda tulipona. Lakini niliishi na roho mkononi, kila alipoingia ghalani nilishona ovyo.

Halafu ikaja Ijumaa ile ya Kwaresima. Mvua za masika zilikuwa zimekolea, uwanja mzima tope. Malori ya kupeleka mahindi Tunduma yalifika mapema, madereva wanapiga honi, na rundo walilolitaka lilikuwa bado chini ya turubai, siku zake hazijatimia. Kengele ya saa nne ikalia, tukapanga foleni. Oswaldi alikaa pembeni kwenye ngazi. Alikuwa amefunga. Leokadia alimtania mbele yetu kwamba mwaka huu lazima afunge kiume, mwaka jana alivunja kwa ndizi. "Leo hata tone," akasema Leokadia. "Hata tone," akaitikia Oswaldi, akageuza kikombe chake chekundu kikaangalia chini. Sote tulikiona kikombe kile.

Baada ya hapo meneja akaja mwenyewe, akasema rundo lifunuliwe. Nikasema siku bado. Akasema mama, wewe fundisha, mimi naendesha. Nikasema basi milango ifunguliwe yote miwili. Akasema mvua inapiga upande huo, magunia yatalowa. Oswaldi alinitazama, akavaa maski, akaingia kwa mlango mmoja, nao ukarudishwa nyuma yake kwa sababu ya mvua. Nilisimama nje ya mlango huo. Nilisikia vifuko vya mchanga vinavutwa sakafuni. Kisha nikasikia anakohoa.

Niliufungua mlango, naye akatoka mwenyewe kwa miguu yake, maski mkononi. Alikwenda hatua chache uwani, akainama, akatapika maji matupu, akasema, "Kifua, dada." Akakaa kwenye tope. Kisha akalala. Nilipiga kelele lori moja ligeuzwe. Nikamlaza ubavu, nikamlegeza shati, nikamwita jina, haitikii, povu linamtoka. Na wale wote niliowafundisha, wale wa "Hapewi kitu!", walikuwa wanapiga kelele kwa sauti moja: "Maziwa! Leteni maziwa!"

Leokadia ndiye aliyeyaleta. Alikuja mbio na jagi zima, miguu peku, akapiga magoti kwenye tope, akamwinua mumewe kichwa, akamwekea jagi mdomoni. Hakusikia nilivyomkataza. Nikaupiga mkono wake. Jagi likaruka, maziwa yakamwagika yote, yakachanganyika na tope. Aliniangalia. Nimeangaliwa na watu wengi kazini, wenye vidonda, wenye hasira, lakini sijaangaliwa vile tena.

Tulimpakia kwenye lori, tukamfikisha hospitali. Walihangaika naye kadiri walivyoweza. Jioni akafa.

Msibani sikuwa msimamizi tena. Watu walinipisha kwenye mkeka kama mtu aliyebeba tui litakalowamwagikia nguo. Habari ilikuwa imekwisha tengenezwa, imezunguka mji mzima: Oswaldi hakunywa maziwa asubuhi kwa sababu ya kufunga, na yale ambayo yangemwokoa, Paska kayamwaga. Nilimkaribia Leokadia kumpa pole. Hakupiga kelele, laiti angepiga. Alisema tu, "Paska, ungemwachia hata funda moja." Kisha akageukia ukutani akasema, si kwangu, "Na mimi ndiye niliyemwambia hata tone."

Nilitaka kumwambia pale pale: si wewe, si kufunga kwako, si mimi, ni kopo lile na mlango ule. Nilimwambia siku nyingine, mara nyingi, kwa maneno na kwa kutuma watu. Lakini mtu akishakuwa na maelezo yake ya msiba, hata kama yanamchoma, hakubali kunyang'anywa. Na maelezo hayo yalimfaa sana meneja. Alisimama uwani, kofia mkononi, akasikitika kwamba marehemu hakufuata utaratibu wa kampuni wa kunywa maziwa kabla ya kazi. Tangu siku hiyo maziwa yakawa lazima, hata Kwaresima. Paroko naye akaombwa, akatangaza kanisani kwamba wanaofanya kazi za hatari wasijitese kwa kufunga. Alifanya kwa huruma, simlaumu. Basi kanisa lilitoa ruhusa, kampuni ikatoa maziwa, na chujio halikutolewa na mtu.

Mimi nikapewa jina, Mwaga Maziwa. Nilipoanza somo mtu angesema nyuma, "Maji yakimwagika hayazoleki, sembuse maziwa," na kicheko kikapita. Sikuacha kufundisha. Niseme wazi hapa, kwa sababu wengine mmeingia kazini mkanikuta na jina hilo na hamkuuliza: sikukosea. Mngenirudisha leo uwani pale, kwenye tope lile, ningeupiga mkono ule tena. Lakini kuwa na haki hakukunipa usingizi, wala hakukunirudishia rafiki.

Nilikwenda Mwimbi kumwambia Mzee Gaspari, asije akasikia njiani. Nilimkuta anapepeta ulezi. Nikamwamkia, akaitikia, nikamwambia. Aliweka ungo chini.

"Kopo lilikuwa na alama?" akauliza.

"Ndiyo, mzee."

"Yangu?"

"Yako."

Aliangalia mikono yake. Kisha akachukua ungo, akaendelea kupepeta, na ulezi wote ukawa unamwagika pembeni. Nikarudi na basi la mchana.

Baada ya kelele zangu nyingi chujio moja jipya lilikuja, kisha mwaka mwingine jingine, kisha wakubwa wakabadilika na mambo yakarudi kulekule. Hayo mnayajua. Leokadia aliacha kazi. Mnamjua ninyi kwa kitu kimoja: kila Ijumaa ya Kwaresima asubuhi anakuja getini na ndoo ya maziwa yake mwenyewe na kikombe chekundu kimoja, na hakuna anayepita bila kunywa. "Kunywa, mwanangu," anasema, "kunywa, kaka." Wageni wanadhani ni sadaka. Kikombe chenyewe ni cha Oswaldi. Miaka yote hiyo nilipopita mimi alikuwa anashusha macho na kukifuta kikombe kwa khanga mpaka nimalize kupita.

Siku yangu ya mwisho kazini iliangukia Ijumaa ya Kwaresima. Nilipita getini nimejiandaa kufutiwa kikombe. Badala yake akanijazia, akanishikia kwa mikono miwili.

"Dada Paska," akasema. Hakuwa ameniita hivyo tangu msiba. "Leo unaondoka. Na wewe kunywa, usije ukaenda kama mwenzetu."

Jamani. Ningemwambia nini? Njia mbili za kooni? Nilikipokea nikanywa chote, nikilia, naye ananisugua mgongo kama ananyonyesha mtoto. Mwalimu wenu wa usalama alikunywa maziwa yale, na kama mtu ana la kusema aseme.

Nyuma yangu alikuwa Beatus, mfukizaji wenu wa sasa, maski shingoni, anajifuta povu la maziwa mdomoni. Ana mke, ana watoto, ana sauti ya kwaya. Nililishika lile kopo la chujio nikaligeuza ubavuni. Alama ya msumari hakuna. Kutu ipo.

"Beatus, hili lilifunguliwa lini?"

Akacheka kwa heshima. "Mama bwana, hata siku ya mwisho! Si tumeshakunywa?"

Leokadia alikuwa anatutazama, anatabasamu, ameridhika kwamba leo hatakufa mtu.

Ndilo jambo lililokuwa kooni mlipokuwa mnakata keki. Sikulisema, lakini sikukaa bure. Beatus alipovua maski akaiweka dirishani aende kupiga picha nanyi, nilizungusha lile kopo likatoka, nikalifunga ndani ya kitenge mlichonipa. Nasikia ofisini mnalitafuta, mmemuuliza mlinzi, mmemuuliza mfagiaji. Waacheni watu wa watu. Ninalo mimi, liko hapa mezani chini ya saa yenu, na sirudishi. Nunueni jipya.